Kabla ya Flutter, Uliza Foleni Iko Wapi

Mteja amebonyeza kitufe cha kulipa. Ujumbe umejitokeza kwenye simu yake, ameweka namba ya siri, na punde SMS ya M-Pesa imeingia: pesa imekatwa. Programu aliyokuwa akiitumia bado inazungusha duara, kisha inamwambia malipo hayajapokelewa. Anabonyeza tena. Inakatwa mara ya pili. Yeyote aliyewahi kuhudumia wateja wa biashara ya mtandaoni katika nchi zetu anaijua simu itakayopigwa baada ya hapo, na anaijua sauti ya mpigaji.

Kosa hilo halikutokea kwenye kioo. Kitufe kilibonyezeka, rangi zilikuwa nzuri, duara lilizunguka kama lilivyochorwa. Lililoharibika ni kazi iliyokuwa ikiendelea chinichini, mahali ambapo mteja haoni na ambapo mwenye biashara hakuuliza swali hata moja siku mradi ulipoanza. Vikao vya kuchagua zana huanza na kuishia kwenye kioo: Flutter au React Native, Android peke yake au na iPhone pamoja. Naamini kikao kinapaswa kuanzia upande wa pili. Chagua kwanza zana za kazi isiyoonekana, yaani mahali pa kuhifadhi, foleni ya kazi na namna ya kurudia kazi iliyokwama. Zikishajulikana, uchaguzi wa zana za kioo huwa mwepesi, na mara nyingi hujitokeza wenyewe.

Tuangalie malipo yenyewe yanavyokwenda. Safaricom, yenye M-Pesa ya Kenya, ilifungua Daraja, lango lake la wasanidi programu, mwaka 2017. Seva yako inapotuma ombi la STK Push, yaani lile linaloleta ujumbe wa kulipa kwenye simu ya mteja, jibu linalorudi papo hapo halisemi kwamba mtu amelipa. Linasema ombi limepokelewa, na linakupa namba ya utambulisho wa ombi hilo. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakitumwa kwenye anwani ya seva uliyoitaja: 0 kama malipo yamefanikiwa, 1 kama salio halitoshi, 1032 kama mteja ameghairi, 1037 kama simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Kati ya ombi na matokeo kuna pengo, na ndani ya pengo hilo lolote laweza kutokea. Seva yako inaweza kuwa inawashwa upya. Matokeo yanaweza kufika mara mbili. Yanaweza yasifike kabisa, ikakubidi uyafuate mwenyewe kwa ile namba ya ombi.

Basi swali la kwanza ni hili: ombi likiwa hewani, nani analikumbuka?

Likikumbukwa na kumbukumbu ya muda ya seva, litafutika seva ikizimika. Likikumbukwa na simu ya mteja, simu hiyo inaweza kuishiwa chaji dakika ileile. Kumbukumbu inayofaa ni ile iliyoandikwa kwenye hifadhidata kabla ombi halijatumwa, ikiwa na hali ya kusubiri. Namba ya risiti nayo iwekewe sharti la kutojirudia, ili matokeo yakija mara ya pili hifadhidata iyakatae bila kumtegemea mtu akumbuke kukagua. Kisha pawe na mtenda kazi wa chinichini anayepita kila baada ya dakika kadhaa, akiyatazama maombi yaliyokaa muda mrefu yakisubiri na kuuliza yamefikia wapi. Na usiku, hesabu zote zilinganishwe na taarifa ya akaunti ya biashara. Mifumo ya pesa za simu hutofautiana majina na vigezo kutoka kampuni hadi kampuni, lakini mpangilio huu wa kuandika kwanza, kutuma baadaye na kufuatilia unafaa kokote ambako jibu la mwisho halirudi papo hapo.

Hapa ndipo ninaposimama na hifadhidata ya PostgreSQL bila kuyumba. Faida yake kubwa ni kwamba oda na kazi inayoambatana nayo vinaweza kuandikwa kwa pamoja: ama vyote viwili vimeingia, ama hakuna kilichoingia. Timu nyingi ndogo huanza siku ya kwanza kwa kuweka oda kwenye hifadhidata na foleni kwenye Redis. Seva ikizimika baada ya oda kuandikwa na kabla kazi haijawekwa kwenye foleni, unabaki na oda isiyo na wa kuishughulikia. Hakuna ujumbe wa kosa, wala alama nyekundu mahali popote. Tukio hilo ni la nadra, na unadra wake ndio ubaya wake, kwa sababu halitaonekana wakati wa majaribio; litaonekana mwisho wa mwezi wenye shughuli nyingi. Redis nayo hufanya kazi ndani ya kumbukumbu ya muda, na kwa mipangilio inayokuja nayo huandika picha ya data kwenye diski kwa vipindi. Kilichoingia kati ya picha mbili kinaweza kupotea, isipokuwa umewasha uandishi wa mfululizo.

Zamani kulikuwa na hoja nzuri dhidi ya foleni ndani ya hifadhidata: watenda kazi wawili wangegombania mstari mmoja, wakasubiriana. PostgreSQL 9.5, iliyotoka Januari 2016, ilileta SKIP LOCKED, amri inayomwezesha kila mtenda kazi kuruka mistari iliyokwisha kushikwa na mwenzake na kuchukua inayofuata. Tangu hapo foleni ya maelfu ya kazi kwa saa inaendeshwa ndani ya hifadhidata uliyonayo tayari, bila mtambo wa pili wa kutunza na kulipia. Waundaji wa fremuweki wameliona hilo. Rails 8, ya Novemba 2024, imeifanya foleni ya kwenye hifadhidata kuwa chaguo la kuanzia. Watumiaji wa lugha ya Elixir wana Oban, na Laravel ina njia yake ya foleni ya hifadhidata. Kuna pia mitambo maalumu ya ujumbe. Kafka ilizaliwa LinkedIn kwa ajili ya mikondo mikubwa ya matukio. Duka linalopokea oda mia tano kwa siku halina mzigo wa namna hiyo, na huenda lisiwe nao kamwe. RabbitMQ ni zana nzuri siku mifumo kadhaa isiyofanana inapohitaji kupeana ujumbe. Siku hiyo ikifika utaijua, kwa sababu utakuwa na vipimo mkononi.

Kuhusu lugha ya seva sina ugomvi. PHP, Python, JavaScript, Go, Java, zote zinaweza kuandika hayo niliyoyaeleza. Pima kwa watu: msanidi wa sasa akiondoka, nani Dar es Salaam au Nairobi au Kigali atafungua msimbo wake kesho yake na kuuelewa? Kwa kigezo hicho PHP na Laravel zina nguvu kuliko sifa zinazopewa mitandaoni. Lugha ya nadra inastahili pale tu kazi yenyewe inapoidai. WhatsApp walichagua Erlang, lugha iliyobuniwa ndani ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya kuunganishia simu, yaani mashine zinazobeba mazungumzo mengi kwa pamoja na ambamo moja likikatika mengine hayaguswi. Ndiyo kazi ambayo WhatsApp ilikuwa nayo. Facebook walipoinunua mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na wahandisi wachache wa kuhesabika. Waliitazama kazi ya chinichini, wakachukua zana iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye simu, ambako mambo ni magumu zaidi na ambako nimeona fedha nyingi zikipotea.

Msanidi aliyejifunza Android mwaka 2013 alizoea kuwasha huduma ya chinichini na kuiacha iendelee kutwa: itume taarifa kila dakika, isikilize seva, ifuatilie mahali simu ilipo. Ruhusa hiyo imekuwa ikipunguzwa mwaka hadi mwaka. Android 6, ya 2015, ilileta hali ya Doze: simu ikiwa imetulia, kioo kimezimwa na haijachomekwa chaji, programu zinanyimwa mtandao na kazi zao zinaahirishwa hadi madirisha mafupi yanayofunguliwa mara mojamoja. Android 8, ya 2017, ikazuia programu isiyo mbele ya macho ya mtumiaji kuwasha huduma kiholela. Android 9 ikazipanga programu kwenye makundi kulingana na zinavyotumika, zile zinazofunguliwa kwa nadra zikabanwa zaidi. Android 14 ikataka kila huduma inayoendelea huku arifa yake ikionekana itaje aina yake. Android 15, ya 2024, ikaweka kikomo cha saa 6 katika kila saa 24 kwa huduma za aina ya kusawazisha data. Juu ya hayo, watengenezaji kadhaa wa simu za bei nafuu wameongeza vibana betri vyao wenyewe, vikali kuliko vya Google. Ninaielewa sababu, na naiunga mkono. Mtu wa kijijini anayelipia kuchaji simu dukani ana haki ya kuona chaji yake inatumika kwa mambo aliyoyaagiza mwenyewe.

Zana inayokubaliana na hali hiyo ni WorkManager, iliyofikia toleo thabiti mwaka 2019. Kazi unayoikabidhi huandikwa kwenye hifadhidata ndogo ndani ya simu, kwa hiyo hubaki hata simu ikizimwa na kuwashwa. Unaweza kuiwekea sharti kwamba isianze hadi mtandao uwepo. Ikishindwa hurudiwa, na muda wa kusubiri huongezeka kila mara. Isichokupa ni saa kamili. Kazi ya kujirudia haiwezi kuwekwa chini ya dakika 15, na hata hizo 15 mfumo waweza kuzirefusha. Upande wa iPhone, BGTaskScheduler iliyokuja na iOS 13 mwaka 2019 ni kali kuliko hapo: mfumo ndio unaoamua lini programu yako ipewe nafasi, ukitazama desturi za mwenye simu, na muda wa kujisasisha ni wa sekunde kama thelathini hivi.

Matokeo yake kibiashara ni makubwa, na wateja wangu wengi huyasikia kwa mara ya kwanza mradi ukiwa umefika katikati: usimwahidi mtu yeyote kwamba simu itatuma kitu saa kumi kamili. Jambo lenye saa yake lifanywe na seva. Simu iandike ndani yake, kwenye SQLite, kila alichofanya mtumiaji, kisha itume mfumo ukiruhusu. Na arifa zinazopita Firebase, huduma ya Google, zisibebeshwe mzigo zisiouweza. Arifa ni hodi tu. Inaweza kuchelewa, inaweza isisikike, na habari yenyewe programu inapaswa kuifuata kwenye seva ikishafunguliwa.

Mfano mkubwa wa kazi ya namna hii uko Kenya. Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, zikiwemo simu zenye mfumo uitwao eCHIS, uliojengwa juu ya programu huria ya Community Health Toolkit. Mhamasishaji anapita nyumba kwa nyumba, mara nyingi mahali pasipo mtandao, akiandika ziara za wajawazito na watoto. Nyuma ya mfumo kuna hifadhidata ya CouchDB, na ndani ya simu kuna nyingine, PouchDB, inayozungumza nayo mtandao ukipatikana. Taarifa ileile ikibadilishwa sehemu mbili, CouchDB haifuti lolote: huyatunza matoleo yote mawili, huteua moja kuwa la mbele kwa kanuni isiyobadilika, na kuiachia programu kazi ya kusuluhisha. Kwa rekodi za ziara hilo linafaa sana, kwa sababu ziara ya jana ya mama fulani huandikwa na mtu mmoja na ni nadra kuguswa na mwingine. Lingekuwa hatari kwa salio la duka linalouza kupitia mawakala wanne kwa wakati mmoja, ambako matoleo mawili ya salio ni fedha isiyojulikana iliko. Programu mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye kioo, fomu na orodha zilezile, na bado zikahitaji hifadhi za aina mbili zisizopatana.

Baada ya hayo ndipo nakubali kuzungumzia Flutter na wenzake.

Flutter, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, huchora kila kitu yenyewe, hivyo programu huonekana sawa kwenye simu za matoleo mengi ya Android. Kwa soko letu lenye simu za kila umri, hiyo ni faida halisi. Kwa kazi za chinichini, hata hivyo, msimbo wake wa Dart huendeshwa kwenye chumba cha peke yake kisichoona yaliyo kwenye skrini, na huifikia WorkManager kupitia kiunganishi kinachotunzwa na jumuiya, nje ya timu ya Flutter yenyewe. React Native, ya Facebook tangu 2015, ina tabia inayofanana na hiyo. Iliandikwa upya kwa ndani, na muundo mpya umekuwa wa kawaida tangu toleo la 0.76 la Oktoba 2024. Maktaba kuukuu zilizoachwa na wenyewe zimeanza kuwaumbua waliozitegemea. Ukiwa na watu wanaojua JavaScript vizuri, chukua hiyo. Ukiwa unaanza na vijana wapya, Flutter hufundishika haraka.

Lakini kama uzito wa programu uko chinichini, mfano kufuatilia mwendesha bodaboda njiani, kuchapa risiti kwa Bluetooth, kutunza oda za siku nzima bila mtandao, ninapendekeza Kotlin moja kwa moja. Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017 na kuipa kipaumbele 2019. Kila badiliko la Android nililolitaja huifikia kwanza, bila kusubiri mtunza kiunganishi apate nafasi. Katika nchi ambazo walio wengi sana hutumia Android, hoja ya kuandika mara moja kwa mifumo miwili ina nguvu ndogo kuliko Ulaya au Marekani, na nashangaa tunavyoinakili bila kuipima. Ukija kuhitaji iPhone, Kotlin Multiplatform, iliyotangazwa kuwa thabiti Novemba 2023, inakuwezesha kushiriki hifadhi na kanuni za biashara huku kioo kikiandikwa kwa namna ya kila mfumo. Airbnb waliachana na React Native mwaka 2018. Shopify wakatangaza kuifuata mwaka 2020. Wote wawili walitazama watu wao na kazi yao, na hakuna kati yao aliyekuwa anatazama biashara ya Kariakoo.

Umri wa zana unastahili swali lake. Facebook iliinunua Parse, huduma ya seva kwa programu za simu, mwaka 2013. Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na mwaka mmoja baadaye ikafungwa. Walionusurika kwa urahisi ni wale walioweza kuhamisha data yao, kwa sababu msimbo wa seva ulitolewa huria. Microsoft ilisitisha huduma kwa Xamarin, zana yake ya kujengea programu za simu, tarehe 1 Mei 2024. Redis ilibadili leseni Machi 2024, wengine wakajitenga na kuanzisha Valkey chini ya Linux Foundation. Na duka la Google Play halikuachi utulie: kila mwaka linataka masasisho yalenge toleo la karibuni la Android, na tangu Novemba 2025 linataka programu zinazolenga Android 15 na kuendelea zikubali kurasa za kumbukumbu za kilobaiti 16. Kiunganishi kimoja cha zamani cha kusomea picha, kilichojengwa kwa kurasa za kilobaiti 4 na kukosa mwenyewe, kinatosha kuzuia toleo lako jipya lisipande. Kwa hiyo bajeti ya programu iwe na fungu la matunzo la kila mwaka hata kama hakuna kitakachoongezwa. Mwenye biashara anayeambiwa kwamba atalipa mara moja tu anadanganywa.

Mahali seva ilipo pia ni uamuzi wa zana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Programu zilizokuwa na foleni ndani ya simu ziliendelea kuandika mauzo na kuyatuma baadaye. Zile zilizohitaji seva ya mbali kwa kila mguso zilisimama.

Kabla ya kusaini mkataba wowote wa programu, omba kijengwe kipande chembamba kwanza: kitufe kimoja cha kulipa, jedwali moja la malipo, foleni moja, mtenda kazi mmoja. Pasiwe na urembo. Kiwekwe kwenye simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 2, Kiokoa Betri kikiwa kimewashwa. Bonyeza kulipa, kisha zima data kabla jibu halijarudi. Izime seva ghafla katikati ya ombi. Tuma matokeo yaleyale mara mbili. Iache simu mezani usiku kucha bila chaji ikiwa na oda ambazo hazijatumwa. Asubuhi fungua jedwali la malipo, uhesabu maombi yaliyotumwa, yaliyofungwa na yanayosubiri, na umtake msanidi aeleze kila linalosubiri linasubiri nini. Rudia zoezi hilo kwa kila zana mnayobishania. Linahitaji simu moja, seva ndogo ya kukodi na mazingira ya majaribio ya Daraja, ambayo hayalipiwi.